TEMBEA MSITUNI, RUDI KWA KUFUATA MTO



Leo nataka tutembee pamoja. Vaa viatu vyako. Chukua maji ya kunywa na kipande cha muhogo au ndizi. Hatuendi mbali. Tutaanza asubuhi, na kabla ya jua kuwa kali tutakuwa tumerudi pale pale tulipoanzia. Njia yetu ni ya mviringo, kama ukingo wa ungo. Hata mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuitembea, mradi asiwe na haraka.

Labda utauliza: "Bwana shamba, mimi natembea kila siku. Naenda shambani, kisimani na gulioni. Kwa nini nitembee tena bure?"

Swali lako ni zuri. Tunapokwenda shambani tunatazama jembe. Tunapokwenda kisimani tunatazama ndoo. Leo tutatazama msitu na mto, na tutajua vinavyosaidiana. Ukishajua hayo, utajua pia kwa nini visima vingine hukauka na vingine havikauki.

TUNAANZIA SIGI

Safari yetu iko katika Mkoa wa Tanga, Wilaya ya Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Tunaanzia mahali panapoitwa Sigi, chini ya mlima. Hapa ndipo penye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1997. Ukubwa wake ni hekta 8,380.

Langoni tunajiandikisha na kulipa ada. Tunamwomba mwenyeji anayeijua njia atuongoze. Usione aibu kuongozwa. Mwenyeji anajua penye utelezi, penye siafu na penye nyoka. Anajua pia majina ya miti.

Tazama nyumba ile ya zamani. Ilikuwa nyumba ya mkuu wa kituo cha reli. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, reli ilijengwa kutoka Tengeni mpaka hapa Sigi. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba magogo kutoka milimani. Miti mikubwa ilikatwa, ikateremshwa, ikaondoka. Leo reli hiyo haipo, lakini msitu bado upo. Tukumbuke hapo kwamba msitu unaweza kuishi kuliko reli ya chuma, lakini ukitunzwa tu.

Juu zaidi, kule Amani penyewe, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Walileta miche kutoka nchi nyingi, wakaijaribu. Mmojawapo ni mti wa kwinini, ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Miti mingine waliyoipanda ingali imesimama mpaka leo.

KANDO YA MAJI

Sasa tunashuka kidogo. Unasikia? Huo ni Mto Sigi. Wengine huuita Zigi. Unasikika kabla hujauona, kwa sababu unapita juu ya mawe makubwa.

Kaa kwenye jiwe upumzike. Tazama maji. Kama hakujanyesha jana, utaona mawe na mchanga wa chini. Sasa tazama kingo. Pande zote mbili zimefunikwa na miti. Mizizi imeshika udongo kama vidole vinavyoshika tonge la ugali. Mto ukijaa unapiga, lakini udongo hauondoki kirahisi.

Huku kwenye mawe yenye kivuli na unyevu huota ua dogo la rangi ya zambarau. Majani yake yana vinyweleo laini. Ukilipita haraka hutaliona. Lakini ua hili lina habari kubwa. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii ya Usambara akalipeleka kwao. Wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia, kwa jina lake. Huko Ulaya na Marekani watu hulipanda katika vyungu na kuliweka dirishani. Limeuzwa kwa mamilioni.

Je, wangapi kati yetu tunajua kwamba ua hilo asili yake ni kwetu? Huko ng'ambo linatunzwa kama mtoto. Huku kwetu, tukikata miti inayolipa kivuli, jua linalichoma na kuliua. Basi tulitazame tu, tusiling'oe. Ukilipeleka nyumbani kwenye jua kali halitakufaa kitu.

TUNAPANDA MSITUNI

Sasa tunauacha mto na kufuata njia inayopanda. Polepole. Mtu akihema, tumsubiri.

Ndani ya msitu utahisi baridi. Jua halifiki chini ila vipande vipande. Tazama juu, labda utaona mbega wenye manyoya marefu meusi na meupe. Utasikia kishindo cha mbawa kama mtu anayepunga mkeka. Huyo ni hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa.

Hondohondo ni mkulima kama wewe. Anakula matunda, anaruka mbali, kisha anadondosha mbegu. Lakini hachagui. Hapa Amani uliletwa mti uitwao msizi, ambao asili yake ni upande wa Ziwa Viktoria. Unakua haraka sana. Hondohondo wanapenda matunda yake. Kwa hiyo wameusambaza, mpaka umechukua nafasi ya miti ya asili katika sehemu nyingi za msitu. Hilo ni fundisho kwetu wakulima. Usilete mmea mgeni shambani kwa sababu tu unakua haraka. Uliza kwanza tabia yake.

Mti wa asili wa hapa ni msambu. Matunda yake ni makubwa, na mbegu zake hutoa mafuta mazito. Wananchi huziokota chini, hawaukati mti. Mti uliosimama unaleta fedha kila msimu. Mti uliokatwa unaleta fedha mara moja tu.

Sasa inama. Chimba kidogo kwa vidole, hapo penye majani makavu. Juu utakuta majani yaliyoanguka juzi. Chini yake yako majani yaliyoanza kuoza. Chini zaidi iko mboji nyeusi, laini, yenye harufu nzuri. Mboji hiyo ndiyo ghala ya maji.

Nitakueleza kazi yake. Katika nchi hii ya Amani mvua ni nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maana yake ni hii: kama mvua yote ya mwaka ingekaa juu ya ardhi bila kupotea, kina chake kingekuwa karibu mita 2. Mtu mrefu angezama. Je, maji yote hayo yanakwenda wapi?

Tone la mvua likishuka, kwanza linapiga jani juu ya mti. Nguvu yake inapungua. Linateleza kwenye tawi na shina. Linafika chini taratibu, linaingia kwenye majani makavu, kisha kwenye mboji. Mboji inanyonya kama kitambaa kikavu. Maji yanazama ardhini kwa kufuata mizizi. Huko chini yanatembea polepole sana, siku nyingi, kisha yanatokea bondeni kama chemchemi.

Ndiyo sababu mto una maji hata wakati wa kiangazi. Maji unayochota mwezi wa pili yaweza kuwa ni mvua iliyonyesha zamani, ikahifadhiwa na msitu. Msitu haukumwaga akiba yake yote kwa siku moja.

Ukirudi kijijini, fanya jaribio hili. Mwaga kikombe cha maji juu ya ardhi tupu yenye mteremko. Halafu mwaga kikombe kingine juu ya ardhi iliyofunikwa na majani makavu. Tazama kikombe kipi kinakimbia na kipi kinazama. Waite watoto waone.

MASHAMBA YA VIUNGO

Tunaendelea. Njia inatutoa msituni, tunaona mashamba ya wananchi. Huku watu hulima viungo: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga.

Hapa tuzungumze ukweli. Iliki inapenda kivuli. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, wakulima walifyeka miti midogo chini ya miti mikubwa, wakapanda iliki. Kwa mbali ungesema msitu upo, maana miti mikubwa bado imesimama. Lakini ukiingia ndani huoni miche. Miti mikubwa inazeeka na kuanguka, na hakuna vijana wa kushika nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa iliki nayo inapungua, kwa sababu udongo umechoka. Mkulima anahama, anafyeka mahali pengine.

Simlaumu mkulima. Ana watoto, na watoto wanataka daftari na sare. Iliki huleta fedha. Lakini ipo njia nyingine. Mdalasini na mkarafuu ni miti. Ukishaipanda inakaa miaka mingi na mizizi yake inashika udongo. Pilipili manga hupanda juu ya mti mwingine. Panda vitu hivi pamoja katika shamba lako lile lile, weka samadi na mboji, kinga maji kwa matuta. Shamba moja lililotunzwa lina faida kuliko mashamba matatu ya kuhamahama.

TUNARUDI MTONI

Njia inateremka tena. Tunausikia tena mto. Mviringo wetu unakaribia kufungana.

Maji unayoyaona hapa hayaishii hapa. Yanateremka mpaka bwawa la Mabayani. Kutoka hapo yanasafishwa na kupelekwa katika jiji la Tanga. Mama anayefungua bomba mjini Tanga ili apike chai, anakunywa mvua ya msitu huu. Mgonjwa anayemeza dawa kwa maji ya bomba, anakunywa Mto Sigi. Huenda watu hao hawajawahi kufika Sigi. Wanatutegemea bila kutujua.

Katika miaka ya 2000 watu walivamia sehemu za milima hii kutafuta dhahabu. Walichimba kingo na kuosha udongo ndani ya vijito. Fikiri mwenyewe: mtu mmoja akichimba juu, maelfu walio chini wanakunywa tope. Hivyo ndivyo mto ulivyo. Hakuna mtu anayeuharibu peke yake, na hakuna anayeutunza kwa ajili yake peke yake.

KOSA LANGU

Sasa nitakusimulia jambo ambalo silipendi, lakini lina faida.

Nilipokuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu mkononi, nilipelekwa katika kijiji kimoja cha bondeni. Si hapa Sigi. Kilikuwa na mto, na kando ya mto ilisimama mikuyu. Mimi niliona udongo mweusi wenye unyevu. Nikawaambia wakulima: "Hapa pana rutuba. Fyekeni mpaka majini, tulime nyanya na kabichi."

Mzee mmoja alisimama. Akasema: "Bwana shamba, mwanangu, mto una mpaka wake. Baba zetu hawakulima penye mikuyu."

Nikajibu: "Shikamoo mzee, lakini hayo ni mambo ya zamani. Sasa tunafuata utaalamu."

Watu walinisikiliza, wakafyeka. Mwaka wa kwanza nyanya zilikuwa nyingi mno, nikasifiwa. Mwaka wa pili mvua ya masika ilikuwa kubwa. Usiku mmoja mto ulifurika. Asubuhi tulikuta nyanya hazipo. Si nyanya tu, hata ardhi yenyewe haikuwepo. Mto ulikuwa umekula ukingo hatua 20 kwenda ndani. Mama mmoja alikuwa amekopa fedha za mbegu. Alisimama pale, ametazama maji, hasemi neno.

Mimi nilitaka kujificha. Yule mzee alikuja na panga lake na matawi ya mkuyu begani. Hakunicheka. Alisema: "Haya mwanangu, umeona. Shika matawi haya, tupande."

Tulipanda. Mkuyu huota hata kwa tawi. Kando yake tulipanda matete. Baada ya miaka michache ukingo ulitulia. Lakini ardhi iliyochukuliwa haikurudi, na deni la yule mama lilimchukua misimu miwili kulilipa. Tangu siku hiyo nikimwona mzee anasimama kwenye mkutano, nanyamaza kwanza nimsikilize.

HATUA 80

Jambo alilolijua mzee yule, leo limo katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au shughuli zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto. Kifungu chake ni cha 57.

Mita 60 ni kiasi gani? Huna haja ya kuwa na futi kamba. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya mita. Kwa hiyo hatua 80 ni kama mita 60. Simama ukingoni, geuza mgongo kwa mto, hesabu: moja, mbili, tatu, mpaka 80. Hapo ulipofika ndipo shamba lianzie.

Najua utasema: "Bwana shamba, shamba langu lote liko ndani ya hatua 80. Nile nini?" Ni swali gumu, na watu wengi wanalo. Usikae nalo peke yako. Lipeleke kwenye serikali ya kijiji, mlijadili pamoja na afisa ugani na afisa mazingira. Wakati mnatafuta njia, anza na haya:

1. Usifyeke mti wowote uliobaki ukingoni.
2. Usilime kwa kushuka na mteremko. Lima kwa kukata mteremko, na weka matuta.
3. Panda majani ya tembo kwenye matuta. Yatashika udongo, na ng'ombe au mbuzi wako watapata chakula.
4. Usioshe pampu ya dawa ya mimea mtoni, wala usitupe makopo yake majini.
5. Nywesha mifugo mahali pamoja palipochaguliwa, ili isikanyage ukingo wote.
6. Panda miti ya kuni mpakani mwa shamba lako, ili usiende kukata mtoni.

TUMEFIKA

Tazama, ile nyumba ya zamani ya reli. Tumerudi tulipoanzia. Tulianza na mto, tukapanda msituni, tukapita mashambani, na mto ukatupokea tena. Maji nayo yana mviringo wao. Yanapanda kutoka baharini kama mvuke, upepo unayaleta milimani, yanashuka kama mvua, yanazama msitu, yanatoka mtoni, yanarudi baharini. Sisi tunaishi katikati ya mviringo huo. Tukiukata mahali pamoja, mahali pengine patakauka au patafurika.

Pengine wewe unaishi mbali na Sigi. Uko Songea, au Kigoma, au Singida. Si lazima upande basi. Kijijini kwako kuna kijito, hata kama ni kidogo. Kuna kichaka au msitu wa kijiji. Jumapili moja, au siku ambayo hakuna kazi nyingi, tengenezeni safari yenu. Chukueni wazee wanaojua majina ya miti. Chukueni vijana na watoto. Anzeni ofisi ya kijiji, piteni msituni, rudini kwa kufuata maji.

Katika safari hiyo chukueni tahadhari. Vaeni viatu. Tazameni mnapokanyaga. Watoto wasitangulie peke yao. Msivuke mto mvua inaponyesha huko juu, maana maji hujaa ghafla hata kama mlipo kuna jua. Msiwashe moto msituni. Takataka zenu mrudi nazo.

Mjue daftari na kalamu. Anayejua kuandika aandike. Chemchemi iko wapi? Ina maji au imekauka? Mto umekula ukingo mahali gani? Miti gani ilikuwepo zamani na sasa haipo? Mwakani tembeeni njia hiyo hiyo, mlinganishe. Daftari hilo litakuwa mali ya kijiji, nalo litaonyesha kama mto wenu unapona au unakufa.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mto unaotoka msituni una maji hata kiangazi?
2. Hatua 80 kutoka mto wa kijiji chenu zinafika wapi? Nani analima ndani yake, na mtamsaidiaje?
3. Wazee wa kijiji chenu walikataza nini kando ya mto? Walikuwa na sababu gani?
4. Nani anakunywa maji ya mto wenu huko chini? Na nani yuko juu yenu?

Nakutakieni safari njema. Mkikuta mkuyu umesimama ukingoni, pumzikeni chini yake, na msiukate.